Mtunzi wa Kale

Wimbo ulimkuta Uweso gizani. Alikuwa amejikunja chini ya turubai, juu ya lori lililoegeshwa sokoni Muheza, akiyasukuma machungwa yajae mpaka pembeni, na hakuona hata vidole vyake. Kwanza kilikuja kinanda cha mkono, kikivuta pumzi na kuiachia. Ikafuata ngoma ndogo. Halafu sauti ya mwanamke, nzito, yenye mkwaruzo kila inapopanda:

Mlango sikuufunga, mwenyewe uliondoka,
Leo nini wanichunga, wapita ukizunguka?
Khanga mpya nimefunga, hamu yako imetoka,
Rudi ulikotokea, ndani kuna mwenye nyumba.

Chungwa likamponyoka. Maneno yale aliyatunga yeye. Aliyatunga masika yote, amelala chali juu ya magunia, akihesabu mizani kwa vidole, akifuta neno hili na kulirudisha lile mpaka kila mstari ukae kama tofali. Hakufundishwa na mtu. Shule iliishia darasa la saba. Ushairi aliuokota redioni, akiyabomoa mashairi ya watu ili aone yamejengwaje, kisha akaanza kujenga yake. Na alijua, bila kuambiwa na yeyote, kwamba yake yalisimama vizuri kuliko mengi aliyoyabomoa.

Alitambaa akatoka kwenye mwanga, akaruka chini. Wimbo ulikuwa unatoka ndani ya lori lenyewe, kwenye redio ya dereva, Tadeo, aliyekuwa amepandisha miguu juu ya usukani.

"Tadeo! Hiyo kaseti umeitoa wapi?"

"Taratibu, utaniharibia machungwa. Nimeinunua Ngamiani. Tamu, eh? Tanga nzima inaipiga."

"Ni wimbo wangu."

"Ni wa kila mtu, bwana. Mke wangu anaufulia nguo."

"Nakwambia nimeutunga mimi!"

Tadeo alimtazama kuanzia kichwa kilichojaa majani ya michungwa hadi miguuni, akacheka mpaka akakohoa. "Mtunzi wake alishakufa, Uweso. Mpemba mmoja wa zamani. Si imeandikwa hapo?"

Akamrushia ganda la kaseti. Ndani yake kulikuwa na karatasi yenye picha ya ua, na maneno yaliyopigwa kwa taipu: NYIMBO ZA HARUSI. MWIMBAJI: KHAIRIYA. MTUNZI: WA KALE.

Uweso alisoma, akarudia. Hakuwa hata na mvi moja, na tayari walikuwa wameshamzika.

"Zimo kwenye kasha zima, leo zinavuka," Tadeo aliendelea, hana habari. "Napitia Tanga kumchukua Bi Tuhfa na mzigo wake, halafu mpakani Horohoro, halafu Mombasa. Mama yule ana akili. Mimi nabeba machungwa yanaoza, yeye anabeba sauti."

Hapo ndipo Uweso alipoingiwa na hofu. Tanga angeweza kusimama kwenye baraza lolote akasema wimbo huu wangu, na hata wakimzomea, wapo wa kumtetea. Ng'ambo ya Horohoro nani angemtetea? Kaseti zikishavuka na yule marehemu wa kale, watu wa huko wataupenda wimbo, wataukariri, watawafundisha watoto wao, na siku Uweso atakapokwenda kusema ni wake wataona mwendawazimu kaja. Kabla lori halijatoka mjini, jina lake lilikuwa lazima lirudi mahali pake.

"Nipeleke Tanga."

"Ndani nina gunia la mkaa. Utakaa juu ya machungwa."

"Nitakaa hata juu ya bomba la moshi."

Duka la Manase lilikuwa Ngamiani, chumba kimoja chenye mlango wa mabati. Miaka michache nyuma watu walipanga foleni mlangoni hapo hapo kwa ajili ya kipande cha sabuni, na wengi waliondoka mikono mitupu. Tangu serikali iliposema ruksa kwa biashara, sabuni ilirudi, na pamoja nayo zikaja redio za deki mbili. Manase, mtoto wa mkata mkonge, aliyejifunza ufundi kwa kufungua redio za wazee wa kambini, alikuwa amezipanga redio hizo ukutani kama masufuria ya bibi harusi. Zote zilikuwa zinazunguka. Deki moja inaimba, ya pili inanakili.

Uweso aliingia bila hodi. Bi Tuhfa, mfanyabiashara wa Kipemba, alikuwa amekaa juu ya kasha lililofungwa kwa kamba, buibui lake amelikunja mapajani, akinywa kahawa. Manase alikuwa amewapa mgongo, anasafisha kichwa cha redio kwa pamba.

"Manase! Nani kakwambia mimi nimekufa?"

Manase hakugeuka. "Kama umekufa, mbona unanuka machungwa?"

"Salamu umeiacha Muheza, mwanangu?" Bi Tuhfa aliuliza.

"Shikamoo, Bi Tuhfa."

"Marahaba. Haya, sasa gomba."

Akalitupa lile ganda mezani. Manase aliliokota, akasoma, akamtazama Uweso, na uso wake ukabadilika kidogo. "Kumbe wewe? Maneno haya wewe?"

"Mimi."

"Wallahi vile, sikujua. Mwenye harusi aliniita nirekodi, nikarekodi. Nyumbani nikasikiliza, nikajiuliza, siku hizi nani anaandika hivi? Hakuna. Maneno yamekomaa, bwana. Nikaandika wa kale. Hiyo ni sifa!"

Sifa ile ilimpenya Uweso mahali anapopajua, na kwa kitambo kidogo ikamwasha moyo. Akajikasirikia kwa kuifurahia. "Ungeuliza."

"Nimuulize nani? Harusini mlangoni mlitoza? Kila mwenye masikio alichukua akaenda nao kwake. Mimi nilichukua kwa mashine, basi."

"Aliyechukua kwa masikio hakuuza."

"Na mimi siuzi maneno yako. Nauza utepe, nauza umeme, nauza mgongo wangu unaoniuma. Redio si walikuja kurekodi kikundi chenu cha taarabu? Wewe walikupa nini? Soda?"

"Hata soda hawakunipa."

"Umeona! Mimi angalau nimekufikisha kwenye lori la Tadeo."

"Umenifikisha maiti!"

Bi Tuhfa alicheka, kahawa ikamwagika kwenye sahani. Uweso hakucheka. Aliegemea meza kwa viganja vyote viwili, sauti ikashuka, na wote wawili waliosikia walijua kwamba kushuka huko si kupoa.

"Sikiliza, Manase. Ya faida yako na jasho langu yana siku yake. Leo nataka jina. Kasha hilo halivuki Horohoro na mtunzi wa kale."

"Kasha lishafungwa, yakhe," alisema Bi Tuhfa. "Na mimi ndiye ninayeuza, si nyinyi. Mteja wa Mombasa akiona wa kale, ananunua bila swali. Akiona Uweso, ataniuliza, Uweso ndiye mdudu gani?"

"Atamjua akimwona."

"Atamjua kwa hasara yangu."

"Na mwisho wa wimbo je?" Uweso alimgeukia Manase tena. "Mtunzi hujitaja kwenye ubeti wa mwisho. Niliutia jina langu humo kwa makusudi, mwizi akiiba wimbo abebe na mwenyewe. Kwenye kaseti ya Tadeo haupo. Umeukata!"

"Nimekata nini?"

"Utepe umekwisha upande mmoja, ukaona wimbo mrefu, ukanikata kichwa ili niingie!"

Kwa mara ya kwanza Manase alikasirika. "Bwana mdogo, niite mwizi, nitacheka. Usiniite fundi mbovu. Mimi sikati wimbo."

Nyuma ya mlango lilikuwepo komeo la chuma, la kufungia mabati. Uweso hakukumbuka baadaye alilishika saa ngapi. Alijikuta amelinyanyua juu ya redio iliyo karibu, na redio ile inaendelea kuimba, sauti ya Khairiya inamwambia mtu mlango sikuufunga. Bi Tuhfa aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua nyoka.

"Ipige," Manase alisema. "Lakini kwanza usikie. Kaseti mama ninayo, ile ile ya harusini. Ubeti wako ukiwemo humo, vunja zote. Nitakupisha mlangoni."

Akazima mashine zote. Kimya kikawa kizito hata cherehani iliyokuwa ikilia ng'ambo ya barabara ikasikika. Akatia kaseti mama, akabonyeza.

Harusi ikaingia dukani: sahani zinagongana, mtoto analia, wanawake wanaitana. Siku ile Uweso hakuwepo. Alikuwa Mombasa na machungwa. Kinanda kikaanza. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na kila Khairiya alipofika kwenye kibwagizo wanawake walimpokea kwa vigelegele, mtu wa mbali akipiga kelele, "Mwambie!" Uweso alikuwa akiufuata wimbo kwa midomo bila sauti. Ubeti wa tano ukaisha. Sasa. Akainama kuelekea redio, komeo bado mkononi.

Kinanda kikazunguka. Kikazunguka tena, kama mtu anayesubiri mwenzake mlangoni. Kisha sauti ya Khairiya ikarudi, na haikuimba jina la mtu. Ilirudia kibwagizo, rudi ulikotokea, ikakirudia tena, makofi yakafunika kila kitu.

Manase akabonyeza. "Bado unavunja?"

Mkono ulishuka wenyewe. "Khairiya yuko wapi?"

"Nipo hapa," ilisema sauti ya mlangoni. "Kelele zako zinafika mpaka kwenye cherehani yangu."

Khairiya alikuwa amesimama kizingitini, utepe wa kupimia shingoni, nyuzi za kushonea zimemganda kwenye khanga. Alikuwa mkubwa kwa Uweso kwa miaka kadhaa, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka mtu akajiangalia vifungo.

"Weka hilo komeo chini. Manase hajakata kitu. Ubeti ule niliuacha mimi."

"Ulisahau, dada?" Uweso aliuliza, na alitamani kweli aambiwe ndiyo.

"Sikusahau. Naujua kuliko unavyoujua wewe. Hebu usome hapa. Kwa sauti."

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Hata katika hasira, kifua kilijaa:

"Kalamu naweka chini, Uweso ndiye mtunzi,
Kijana wa Ngamiani, sikufunzwa na wajuzi,
Jina langu lishikeni, lipite vyote vizazi."

Akainua kidevu.

"Endelea," alisema Khairiya.

"Kinachobaki ni kibwagizo tu."

"Endelea."

"Rudi ulikotokea, ndani kuna mwenye nyumba."

Bi Tuhfa alifunika mdomo kwa kiganja. "Yarabi," alisema polepole. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza.

"Wakati wa harusi ile nilikuwa nimeachwa," Khairiya alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nimetoka eda juzi. Dada wawili wa yule aliyeniacha, wale wenye midomo, walikaa mkeka wa mbele. Nasimama naimba mlango sikuufunga, na hakuna asiyejua namwimbia nani. Hayo sawa, ndiyo niliyoyataka. Halafu nimtaje Uweso, kijana wa Ngamiani, na hapo hapo, kabla sijavuta pumzi, niseme ndani kuna mwenye nyumba? Kesho yake mji mzima ungekuwa umeshakuingiza kitandani kwangu. Nani angeniletea tena nguo ya bintiye nishone?"

Masikio ya Uweso yaliwaka. Mizani aliihesabu yote, vina alivipima, na hakuwahi kujiuliza jina lake litapita kwenye kinywa cha nani, mbele ya nani. Aliliandika kama anayelichonga kwenye jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa mwanamke mwenye majirani.

"Ungeniambia," alisema.

"Nikwambie wewe? Shekhe, kiongozi mzima wa kikundi chetu, alikuomba ubadilishe neno moja tu, ukanuna mpaka mfungo ukaisha."

Manase alikohoa kuficha kicheko.

Nje honi ya lori ililia. "Bi Tuhfa!" Tadeo alipaza sauti. "Mpakani watatufungia!"

Bi Tuhfa akainuka, akashika kamba ya kasha. Khairiya hakumpisha mlangoni. Alikuwa bado anamtazama Uweso.

"Kinasa sauti hiki hapa," alisema. "Manase anaweza kufungulia sasa hivi. Ukitaka niuimbe ubeti wako, nitauimba, na mzigo wa safari ijayo utavuka na jina lako. Langu litabaki huku, walitafune. Sema."

Alilitaka jina. Hakuna haja ya kumpamba: neno "imba" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Aliiona Mombasa, aliona watu wamekaa barazani wakisikia Uweso, kijana wa Ngamiani. Kisha akaiona cherehani ng'ambo ya barabara, na nguo iliyoachwa nusu chini ya sindano.

"Hapana," alisema. Lilitoka kwa taabu kama jino.

Khairiya akamgeukia Manase. "Basi tuandike. Karatasi haiwezi kunisingizia mume. Mwimbaji atakaa kwa mwimbaji, mtunzi kwa mtunzi. Futeni huyo wa kale."

"Nani afute? Kasha langu!" Bi Tuhfa aling'aka.

"Bi Tuhfa, siku utakayorudi kutaka kaseti nyingine, utamwimbisha nani?"

"Unanitisha, Khairiya?"

"Nakuuliza tu, mama yangu."

"Na maneno utayatoa kwa nani?" Uweso akadakia. "Kwa yule marehemu?"

Bi Tuhfa aliwatazama mmoja mmoja, akatazama mlango, honi ikalia tena. Akaiachia kamba. "Andikeni. Mpaka Tadeo atakapotia gia. Kisichoandikwa kimepita hivyo hivyo, na nisisikie mtu analia."

Kamba ikakatwa kwa wembe. Manase akawa anachomoa karatasi, Khairiya anazipanga, Uweso anafuta na kuandika. Za mwanzo aliziandika jina kamili, lenye mkia chini yake kama saini ya mkuu wa wilaya. Honi ilipolia mkia ukakatika. Ilipolia tena likabaki neno moja tu, Uweso, Uweso, Uweso, wino unamchafua mpaka kiwiko.

"Unajua Mombasa nako yupo mtu kama mimi?" Manase alisema, mikono haisimami. "Atanunua moja, atanakili mia, ataandika anachotaka. Sasa unahangaikia nini?"

"Huyo nitamfuata kwake. Naanza na wewe."

"Mimi tena?"

"Wimbo ujao utaniuliza kabla haujagusa mashine yako. Na kitakachopatikana tutagawana watatu."

"Watatu! Wa tatu nani?"

"Anayeimba. Umeshamsahau tena."

Khairiya alisita na karatasi mkononi, akaendelea kupanga.

"Tutaongea," alisema Manase.

"Tutaongea leo."

"Leo tunaandika, bwana! Shika hiyo!"

Injini ilinguruma. Bi Tuhfa alipiga magoti, akazikusanya zilizoandikwa na zisizoandikwa, akazirudisha zote kashani bila kuzitenga, akalifunga kwa khanga yake. Walikuwa wamefika kama katikati. Uweso alikuwa na karatasi moja bado mkononi, wino mbichi. Akamkimbilia akaichomeka juu.

"Basi, mwanangu," alisema Bi Tuhfa akiwa ameshapanda mguu mmoja. "Nusu yako hai, nusu yako maiti. Wapo wasiopata hata hiyo."

Lori likaondoka likimwaga machungwa mawili kwenye kona. Manase alirudi ndani, na punde redio zikaanza kuzunguka tena. Ni wimbo gani, Uweso hakutaka kusikiliza. Alisimama barabarani akitazama vidole vyake vyeusi. Nusu. Moyo wake haukuizoea hesabu ya namna hiyo. Ulitaka vyote au ugomvi.

Khairiya alikuwa anavuka kurudi kwenye cherehani yake.

"Dada Khairiya!"

Akageuka. Watu wawili watatu waliokaa barazani wakageuka pia, na Uweso aliwaona, akaona jinsi walivyomtazama yeye kisha wakamtazama Khairiya. Hakusogea karibu naye. Alisimama pale pale, akasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia:

"Nakuahidi, na hawa wote wawe mashahidi. Wimbo ujao utausoma wewe kwanza, mpaka mstari wa mwisho, na ukisema badilisha nitabadilisha. Na ubeti wa jina hutauimba. Siku hiyo sitakwenda na machungwa ya mtu. Nitakuwepo, nitasimama mbele ya mkeka wa mbele, niuseme mwenyewe kwa mdomo wangu. Jina langu nitalibeba mimi."